Nilikwenda Mombasa kutazama mawe, nikakutana na Mtunya

Mtu anayesoma historia chuoni hapa Dodoma huelewa mapema kwamba sehemu kubwa ya anachofundishwa ilitokea kwingine. Miji mikongwe ni ya pwani: Kilwa, Bagamoyo, Unguja, Lamu, Mombasa. Huko ndiko kwenye misikiti ya karne nyingi, makaburi ya nguzo, ngome na milango ya nakshi. Katikati ya nchi hapatajwi sana. Wagogo tunaingia kitabuni kwa sababu misafara ya pembe za ndovu ilipita kwetu ikatozwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Tunatokea tena reli ya Wajerumani inapofika Dodoma mwaka 1910, kisha makao makuu ya nchi yanapoamuliwa kuhamia hapa mwaka 1973. Katikati ya miaka hiyo ni ukimya. Ukimya huo umenikera tangu muhula wa kwanza, na ndio ulionifanya nitake kuuona kwa macho yangu mji ambao vitabu havichoki kuuzungumzia, Mombasa. Sikujua kwamba huko ndiko ningekutana na Mtunya, njaa kubwa ya Ugogo ya enzi za Vita Kuu ya Kwanza.

Nafasi ilipatikana kwa rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja hosteli. Yeye ni wa Tanga, na dada mkubwa wa mama yake aliolewa Mombasa miaka mingi iliyopita. Likizo fupi ilipokaribia akaniambia, "Twende kwa mama mkubwa. Kula na kulala hupati shida, wewe tafuta nauli tu." Kwa mwanafunzi anayeishi kwa kusubiri bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, mwaliko wa namna hiyo haurudii mara mbili.

Tulipanda treni ya SGR asubuhi, na kabla ya adhuhuri tulikuwa Dar es Salaam. Nasema hili kwa furaha ya kweli, kwa sababu kabla ya treni hiyo kuanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, safari hiyo hiyo kwa basi ilikula siku nzima. Tukalala kwa kaka yake Mbagala, na alfajiri tukapanda basi la Mombasa. Segera, Muheza penye machungwa ya kuuzwa kando ya barabara, Tanga, halafu mpaka wa Horohoro. Maafisa wa nchi zote mbili wanakaa katika kituo kimoja cha pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia bila kuhangaika kutembea kati ya majengo. Hakikisha hati yako ya kusafiria ipo mkononi na haijaisha muda, na ubadilishe fedha kidogo tu pale pale mpakani. Nyingine subiri mjini. Wakati tunakwenda, shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu 20 za kwetu, na mtu akiwa na njaa huweza kusahau kuzidisha.

Mombasa mjini ni kisiwa, na ukitokea upande wa kusini unakutana kwanza na maji ya Kilindini pale Likoni. Tulishuka tukavuka kwa miguu pamoja na umati wa watu wa kazini, wanafunzi wa shule, wenye mikokoteni na akina mama wenye ndoo za samaki. Mimi ni mtoto wa Chamwino, mkoani Dodoma. Maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya bwawa la mifugo baada ya masika, na bwawa hilo kufika Septemba lilikuwa limebaki tope. Nilisimama pembeni ya kivuko nikatazama meli kubwa ya mizigo ikiingia bandarini taratibu mbele yetu, ndefu kuliko jengo lolote nililowahi kuingia. Watu waliokuwa karibu yangu hawakuinua hata shingo. Kwao hilo ni jambo la kila siku.

Mama mkubwa anakaa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Tulimsalimu shikamoo, akatuitikia marahaba na kutushika mikono muda mrefu. Akaniuliza, "Na wewe mamangu, watoka wapi hasa?" Nikamwambia Dodoma. "Dodoma! Huko si ndiko kwa zabibu na jua kali?" Nikakubali vyote viwili, nikamkabidhi kifurushi cha zabibu kavu na ubuyu tuliokuja nao. Ubuyu alipoufungua akacheka, maana mabuyu ya rangi nyekundu yenye sukari na iliki ni kitu ambacho watoto wa Mombasa wanakula kila siku wakitoka shule. Ila huu wetu ulikuwa bado mweupe, haujapikwa. Jioni ile ile akaupika yeye mwenyewe. Nilipoionja kazi yake nilifikiria akina mama wa vijijini kwetu wanaouza ubuyu kwa debe kando ya barabara, na nikawatamania bei bora.

Kesho yake, baada ya mahamri na mbaazi za nazi, tukaenda Ngomeni.

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyekuwa mhandisi wao huko Goa, koloni lao la India. Ukitazama ramani yake unaona umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kikiwa upande wa bahari na mikono na miguu ikijitokeza kuwa minara ya kona. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Nisichokitegemea ni jinsi ukuta unavyoanza. Huko chini haujajengwa kwa matofali wala mawe yaliyopangwa. Ni mwamba wenyewe wa matumbawe uliochongwa ukawa ukuta, halafu juu yake ndipo ujenzi ukaendelea. Unapita mkono juu ya jiwe unahisi makombe na mikunjo ya vitu vilivyowahi kuwa hai baharini.

Tulichukua mwongoza wageni, mzee wa makamo mwenye kofia ya kazi ya sindano, tukapatana bei kabla ya kuanza kutembea. Ushauri wangu ni ufanye hivyo hivyo, na usibanie: maelezo yake yalikuwa na thamani kuliko vibao vyote. Aliposikia tunasoma Tanzania akasema, "Basi nyinyi si wageni, ila mwalipa kama majirani," na kweli kiingilio cha mtu wa Afrika Mashariki ni kidogo kuliko cha mgeni wa mbali.

Alituanzia na Yusuf bin Hassan. Baba yake, mtawala wa Mombasa, aliuawa kwa njama za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo, akalelewa katika dini na jeshi lao, kisha akarudishwa Mombasa atawale kwa niaba yao. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni wa Kireno, na mji ukawa mkononi mwake. Mwaka uliofuata aliondoka mwenyewe na kuwa mtu wa kusafiri na kupigana baharini hadi alipokufa. Nilikaa na kisa hicho siku nzima. Kijana anachukuliwa, anafundishwa kuwa mtu mwingine, anarudi kwao akiwa na cheo, halafu siku moja anaamua yeye ni nani. Nadhani wengi wetu tuliosomeshwa mbali na nyumbani tunaweza kumwelewa angalau nusu, hata kama umwagaji ule wa damu unatisha.

Kisha mzingiro. Waomani waliizunguka ngome Machi 1696, na haikuanguka hadi Desemba 1698. Zaidi ya miezi 30. Ndani kulikuwa na Wareno wachache, lakini pia walikuwemo Waafrika na Waswahili waliokuwa upande wao, wakiwemo watu wa Faza, kisiwani Pate, na maradhi yaliwamaliza kuliko risasi. Meli ya vita ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyokuja kuwasaidia, ilizama chini ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi walianza kuichimbua mwaka 1977, na leo vitu vyake viko ndani ya jumba la makumbusho: vyungu, mizinga, vyombo vya mezani. Mzee alieleza njaa ya waliozingirwa kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za ukoo wake. Alijua mwezi gani chombo gani kilifika na nani alikufa lini. Miaka zaidi ya mia tatu imepita, na kuna mtu analipwa mshahara halali kwa kukumbuka njaa ile kwa tarehe.

Shikilia jambo hilo, nitalirudia.

Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza kuanzia 1895. Wafungwa waliondolewa 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 ikaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Katika chumba kimoja tuliona vipande vya lipu vyenye michoro ya wanajeshi wa Kireno waliokuwa zamu: meli, watu, alama za dini. Michoro ya watu waliochoka, waliokumbuka kwao. Wageni wengine walikuwa wakipiga picha kwa hamu kubwa, na hapo ndipo mzee aliponiuliza, "Huko kwenu Dodoma, mgeni akija mwampeleka wapi?"

Nikamjibu Kondoa. Nikamweleza kwamba juu ya Kolo kuna mapango na miamba yenye michoro ya watu warefu wembamba, twiga, swala na wachezaji ngoma, mingine ya maelfu ya miaka, na kwamba iliingia kwenye orodha hiyo hiyo ya UNESCO mwaka 2006, miaka mitano kabla ya Fort Jesus. Mzee akasimama. "Miaka mitano kabla yetu?" Akatoa simu akaandika jina la Kolo. Nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote darasani, kisha nikahuzunika kidogo, kwa sababu darasani kwetu wanafunzi waliowahi kufika Kolo hawajazi hata dawati moja. Barabara ya lami inapita pale pale, Dodoma hadi Kondoa hadi Babati. Tunapanda basi tunapita tukiwa tumelala.

Mji wa Kale wenyewe sitauelezea wote. Picha zake zimejaa mtandaoni, na mtu akitaka roshani za mbao na milango ya nakshi ya Ndia Kuu atazipata. Msikiti wa Mandhry, ambao inasemekana ulijengwa 1570, ni mweupe, mdogo, na bado watu wanaswali ndani yake. Tuliupita wakati wa adhuhuri viatu vikiwa vimejipanga mlangoni. Marikiti kuna viungo hadi pua inachoka. Mtaa wa Biashara tulinunua leso, mimi nikachagua moja kwa rangi na rafiki yangu akanirudisha nichague kwa maneno yake, maana huko ukimpa mtu leso umemwambia jambo.

Ninachotaka kukisema ni nyumba ya mama mkubwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba dirishani unaweza kukaa. Dari ni boriti za mikoko. Nyumba iko ndani ya eneo la hifadhi, hivyo mwenye nyumba habomoi wala habadilishi sura ya mbele bila kibali. Sheria ni nzuri, na bila hiyo nusu ya mtaa ingekuwa maghorofa ya kupangisha. Lakini gharama ni ya mwenye nyumba. Chokaa bora haipatikani kirahisi, boriti ni ghali, na fundi anayejua kazi ya zamani lazima asubiriwe. Jirani mmoja alichoka kusubiri akapiga lipu ya saruji, na sasa ukuta wake unatoa chumvi na kumeguka, kwa sababu saruji inafunga unyevu ndani ya jiwe linalohitaji kupumua. Mama mkubwa alituonyesha ule ukuta kwa huruma, si kwa kumsema mtu. Akasema, "Nyumba kama hizi zataka mtu. Ukiifunga mwaka mmoja, mvua mbili, yaanza kuanguka. Ukikaa ndani yake, waijua yaumwa wapi."

Niliyasikia maneno hayo nikaona tembe la babu yangu mzaa mama. Wasiolijua: tembe ni nyumba ya Kigogo ya nguzo, fito na udongo, yenye paa bapa la udongo, inayozunguka ua wa ng'ombe. Paa lake linatakiwa kukandikwa kila mwaka kabla ya mvua. Watu wakihama, misimu michache tu nyumba inarudi kuwa ardhi na unaweza kulima juu yake mtama bila kujua. Mombasa ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, ikabaki. Ugogo tulijenga kwa udongo, na udongo haumsubiri mwanahistoria. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo ilisimama kwenye visima vyetu, ikalipa hongo kwa watemi wetu ili inywe na kupita, na pembe zilizopita hapo zikawa mali ya Unguja na dunia. Mji wa bandari ukabaki na nyumba za mawe. Kwetu kulikobaki ni majina ya visima, na mengine hata hayo hayapo.

Siku ya mwisho tulienda Mwembe Tayari kukata tiketi za kurudi. Karibu na hapo, barabara ya Jomo Kenyatta, imesimama sanamu ya askari, kumbukumbu ya Waafrika waliotumika upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Dar es Salaam kuna mwenzake katikati ya mji, ule unaojulikana na kila mtu, wa mwaka 1927, na Nairobi kuna mwingine. Watu wa Mombasa wanapita chini yake wakiwa na haraka zao. Haimo kwenye orodha ya vitu ambavyo rafiki yangu alipanga kunionyesha. Tulisimama kwa sababu tu jua lilikuwa kali na pale palikuwa na kivuli cha mti.

Nikaanza kufuata vita ile kichwani, kutoka pale niliposimama hadi nyumbani.

Jeshi la Waingereza lilishukia Kilindini. Askari kutoka India na Afrika Kusini walipita bandari hii, wakapanda reli ya Uganda, ile iliyoanza kujengwa hapa hapa mwaka 1896, wakashuka Voi na kwenda Kilimanjaro. Kutoka Kilimanjaro, Jenerali Jaap van Deventer aliongoza wapanda farasi wa Afrika Kusini kuelekea kusini katika mvua za masika, na Aprili 1916 wakaitwaa Kondoa Irangi. Mwezi uliofuata Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck walijaribu kuirudisha wakashindwa. Mwishoni mwa Julai 1916 Waingereza wakaingia Dodoma na kuishika reli ya kati. Wapagazi wa Kiafrika walibeba kila kitu, unga, risasi na majeruhi, na kwa hesabu za Waingereza wenyewe waliokufa katika kazi hiyo walizidi 40,000, wengi kwa maradhi na njaa.

Jeshi linapopita mahali linakula. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo kabla ya kuondoka. Waingereza walipofika wakachukua kilichobaki. Kisha mvua zikakosa kunyesha. Kisha, mwaka 1918, mafua makali yaliyozunguka dunia nzima yakafika. Njaa ya miaka hiyo, kuanzia 1917 hadi karibu 1920, Wagogo waliipa jina la Mtunya. Maelfu kwa maelfu walikufa. Hakuna ukoo wa Kigogo ninaoufahamu ambao hauna mtu aliyepotea humo.

Mtunya sikuusoma shuleni. Niliusikia jikoni kwa bibi, vipande vipande, kama watoto wanavyosikia mambo ya wakubwa. Na pale Mwembe Tayari, mbele ya askari wa shaba, ndipo vipande hivyo vilipoungana na kitabu. Vita iliyomweka yule askari juu ya jiwe Mombasa ndiyo iliyomfukuza mama yake bibi kwenye tembe lao. Nilikuja kuona historia ya watu wengine katika mji wa nchi nyingine, na nikaipata ya kwetu imesimama barabarani, sehemu yake moja, ile yenye bunduki. Sehemu ya waliokufa njaa haina sanamu. Ngomeni kuna mzee anayeweza kukuambia njaa ya Wareno ya mwaka 1697 kwa tarehe. Dodoma, mji mkuu wa nchi, mimi sijawahi kuona hata kibao kimoja kuhusu Mtunya, ulioua watu ambao wajukuu wao bado wako hai.

Rafiki yangu aliniona nimenyamaza akaninunulia dafu. Nikamweleza. Akasema kwao Tanga pia vita ile ilifika, Novemba 1914, Waingereza walishuka kutoka baharini wakashindwa vibaya, na makaburi yapo. "Makaburi yapo," nikarudia. Hilo tu ndilo nililoweza kusema.

Nilipofika Dodoma sikukaa chuoni. Nilipanda gari la Chamwino siku iliyofuata nikaenda kwa bibi. Nilimpa leso yake, akasoma maneno, akaikunja vizuri. Nikamwomba anisimulie Mtunya kuanzia mwanzo, si vipande. Alizungumza Kigogo, hapa naweka Kiswahili changu. Alisema mama yake alikuwa msichana mdogo wa kuchunga mbuzi. Kwanza walipotea ng'ombe, waliochukuliwa na askari. Halafu mtama wa akiba. Wakala mizizi na majani ya porini, wakala ubuyu, wakachemsha ngozi za kulalia. Baba yao aliitwa kubeba mizigo ya jeshi, hakurudi, na hakuna aliyekuja kueleza alikofia. Mama yao akawachukua watoto kuelekea milima ya Ukaguru, ambako kulikuwa na watu wenye mahindi, wakalima mashamba ya watu kwa malipo ya chakula. Waliondoka watoto watano. Walifika watatu. Bibi alitaja majina ya wale wawili. Nimeishi na bibi miaka yote hii, na sikuwa nimewahi kuyasikia majina hayo.

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kutuambia yote. Akasema, "Mlikuwa hamjauliza. Na chakula kipo."

Ninaandika haya nikiwa nimeshabadilisha mada ya utafiti wangu wa mwaka wa tatu. Nilikuwa nimejiandikisha kuandika kuhusu biashara ya pwani. Msimamizi wangu amekubali niandike kuhusu Mtunya katika kumbukumbu za familia za Chamwino na Mpwapwa. Ameniambia pia jambo la kweli, kwamba waliobaki ni wale waliosimuliwa na wazazi wao, na wao wenyewe sasa ni wazee wa miaka 70 na 80 na zaidi. Kila msimu wanapungua.

Na kuna jambo ninalotaka wanaopanga jiji hili walisikie, kama linaweza kuwafikia. Dodoma inajengwa kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Mji wa Serikali wa Mtumba, barabara ya mzunguko, uwanja wa ndege wa Msalato, mitaa mipya ambayo mwaka juzi ilikuwa mashamba ya karanga. Nafurahia yote hayo. Lakini viwanja vinapimwa juu ya ardhi yenye watu waliolala chini yake, na matembe ya mwisho yanabomolewa bila mtu hata kuyapiga picha. Mombasa ina jiwe la kuisaidia kukumbuka, na bado watu wake wanahangaika na chokaa na vibali ili lisianguke. Sisi hatuna jiwe, kwa hiyo inatubidi tufanye zaidi. Kiwanja kimoja katika jiji lenye viwanja vya wizara zote si kingi: nyumba moja ya kumbukumbu, yenye tembe lililojengwa na mafundi wanaojua bado, ala zetu za muziki kama zeze na ilimba, ramani ya visima vya misafara, na chumba cha Mtunya ambamo sauti za wazee zinasikika zikitaja majina.

Sauti hizo hazitajikusanya zenyewe. Wikiendi hizi nazunguka Mvumi na vijiji vya jirani na simu ya kurekodi, daftari, na mtu wa kijiji anayenitambulisha, kwa sababu mzee hasimulii msiba kwa mgeni aliyeshuka kwenye pikipiki. Ninaenda asubuhi, wazee wakiwa hawajachoka. Sianzi na njaa. Naanza na ukoo, nani alizaliwa na nani, na Mtunya unakuja wenyewe ukifika zamu yake. Kama wewe ni wa Ugogo, au wa Kondoa, Manyoni, Kilimatinde, popote jeshi lile lilipopita, na una bibi au babu nyumbani, anza naye. Muulize walichukuliwa nini na nani. Muulize walikula nini, walikimbilia upande gani, nani aliwapokea. Muulize nani hakurudi, na uandike jina lake kamili.